Hazikuwa Bubu: Hotuba Kuhusu Sinema za Mwanzo za Hollywood

Haya ndiyo niliyoyasema Jumamosi jioni mbele ya wapenzi wa filamu waliokusanyika hapa Dar es Salaam, kabla hatujatazama pamoja sinema moja ya mwaka 1926. Nayaweka yote kwa ajili ya wenzetu walioshindwa kufika.

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu mlioketi mbele, kina mama, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti: assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Habari za jioni.

Naomba nianze na neno moja tu la Kiswahili. Chale. Kuna asiyelijua? Mtoto akizidisha vituko, watu husema, "Huyu naye chale!" Bibi yangu aliniita hivyo kila nilipovaa kofia ya babu na kutembea ukumbini nimepinda miguu. Neno hilo limo kwenye kamusi zetu, maana yake mchekeshaji. Sasa litamkeni polepole, kila mmoja pale alipo, mniambie mnasikia jina la nani.

Nimesikia mtu kasema. Charlie. Ndiyo, nami ni miongoni mwa wanaoamini hivyo. Charlie Chaplin, mtoto wa kimaskini wa London, aliyezaliwa mwaka 1889, ambaye mwaka 1914 kule California alivaa suruali pana, koti la kubana, kofia ya duara na viatu vikubwa, akashika fimbo, akapita mbele ya kamera bila kutamka neno. Bibi yangu hakujua Kiingereza. Hakupanda meli hata siku moja. Basi jina la mtu yule liliingiaje kinywani mwake?

Liliingia kwa sababu yule mtu hakusema. Angesema, angesema Kiingereza, na Kiingereza kingeishia kwa wanaokijua. Filamu za wakati ule zilikuwa na kadi za maandishi zinazotokea katikati ya picha. Ukitaka kuipeleka filamu Hispania, unakata kadi za Kiingereza, unaunganisha za Kihispania, basi. Ukitaka kuipeleka Japani, vivyo hivyo. Zanzibar ilikuwa na jumba lake la sinema, Royal, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920, sauti ikiwa bado haijaingia kwenye mikanda. Mtu aliyeketi mle hakuhitaji kusoma ili acheke mtu anapoteleza. Nani anahitaji tafsiri ya mtu anayeteleza?

Sisi tunaziita filamu bubu. Jioni hii nimekuja kuwaomba mlitilie shaka jina hilo.

Kwanza, ukumbini hapakuwa kimya. Katika miji mikubwa ya Marekani bendi nzima ilikaa chini ya kiwambo, na majumba mengine yalifunga vinanda vikubwa vya mabomba vinavyotoa ngurumo na filimbi ya treni. Mji mdogo ulikuwa na mtu mmoja wa piano, macho juu kwenye picha, mikono chini kwenye vibao. Hata mahali filamu zilipopigwa palikuwa na muziki. Wapiga fidla waliajiriwa kusimama karibu na kamera wampigie mwigizaji wimbo wa huzuni hadi machozi yamtoke, huku mwongozaji akimpazia sauti: geuka, mwone, usimkaribie bado! Kamera haikunasa sauti, basi kila mtu alikuwa huru kupiga kelele.

Japani walikwenda mbali zaidi. Kule alisimama mtu kando ya kiwambo, anaitwa benshi, akiisimulia filamu yote kwa mdomo wake: akawa mwanamke, akawa mzee, akawa mwizi. Watu walichagua ukumbi kwa jina la benshi, wala si kwa jina la filamu. Naona vijana mnatabasamu. Mnawajua watu hawa, sivyo? Mmewasikia kwenye kibanda umiza, sauti moja inaibeba filamu nzima ya Kichina au ya Kihindi kwa Kiswahili, na watu wanalipa kwa sababu ya sauti ile. Benshi alianza kazi hiyo zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Pili, na hapa nitakaa sana, mniwie radhi. Waliigiza kwa miili yao yote.

Nataka niwaeleze habari za mtoto mmoja wa Colorado Springs, aliyezaliwa mwaka 1883. Anaitwa Lon Chaney. Baba yake alikuwa kiziwi. Mama yake alikuwa kiziwi. Nyumbani mwao watu walizungumza kwa vidole, kwa nyusi, kwa mabega. Lon angali mtoto, mama yake akapatwa na ugonjwa wa viungo ukamlaza kitandani. Ikawa kila mtoto akitoka nje, akirudi anasimama mbele ya kitanda na kumwigizia mama yake dunia ilivyo: watu aliokutana nao, walivyotembea, walivyokasirika, walivyocheka. Hebu mfikirieni huyo mtazamaji wake wa kwanza. Mtu mmoja, mgonjwa, asiyesikia, anayesubiri mwanawe amletee mtaa mzima chumbani. Kuna chuo gani cha uigizaji kinachozidi hicho?

Alipokua, Hollywood ilimwita Mtu wa Nyuso Elfu. Alijipaka na kujibandika sura mwenyewe, kwa sanduku lake mwenyewe la rangi na nta. Mwaka 1925 aliigiza mtu mwenye uso wa kutisha anayejificha chini ya jumba la opera la Paris, na kampuni ikaificha sura ile kwa makusudi, isionekane kwenye picha za matangazo, ili mtu aione kwa mara ya kwanza akiwa ameketi gizani. Alikufa mwaka 1930, amefanya filamu moja tu ya sauti.

Ndugu zetu viziwi hawapendi kuitwa bubu, na haki ni yao. Lakini sikilizeni jambo hili. Katika miaka ile yote, kiziwi aliingia jumba la sinema na kukaa sawasawa na mtu mwingine yeyote. Sawasawa! Tena wakati mwingine alifaidi zaidi. Mwaka 1926 ilitoka filamu moja ya vita, What Price Glory, na waliojua kusoma midomo wakagundua kwamba askari wale walikuwa wakitukanana matusi mazito ambayo kadi za maandishi hazikuyaonyesha hata kidogo. Barua za malalamiko zikaja. Wenye masikio hawakujua kitu.

Chaplin alikuwa na rafiki kiziwi, mchoraji Granville Redmond. Alimpa nafasi ndani ya studio yake achorie humo, na akampa nafasi ndogo katika filamu zake kadhaa. Halafu sauti ikaja. Tarehe 6 Oktoba 1927 filamu ya The Jazz Singer ilionyeshwa New York, na ndani ya miaka michache kadi za maandishi zikaondolewa. Dunia ilishangilia. Viziwi wakabaki nje ya mlango, na ilichukua miongo hadi maandishi yaanze kurudi chini ya picha. Kila nikisoma habari hizi, jambo hili hunichoma kuliko mengine yote.

Sasa twende kwa Buster Keaton. Huyu alizaliwa mwaka 1895 katika kijiji cha Kansas, wazazi wake wakiwa waigizaji wa jukwaani wanaozunguka mji hadi mji. Tangu mdogo baba yake alikuwa akimrusha huku na huku mbele ya watu, na watu wakicheka. Keaton aligundua jambo moja mapema: akianguka na kutabasamu, watu hucheka kidogo, akianguka na uso mkavu kama jiwe, watu huvunjika mbavu. Basi akauficha ule uso wenye tabasamu karibu maisha yake yote ya kazi.

Mwaka 1927, ukingoni mwa mto Sacramento, akipiga filamu ya Steamboat Bill, Jr., alisimama mbele ya nyumba. Mnajua kitakachotokea, lakini niacheni niseme. Upepo wa dhoruba unavuma, na ukuta mzima wa mbele wa nyumba ya ghorofa unamwangukia. Mzima! Yeye hasogei. Dirisha la juu liko wazi, na mwili wake unapita katikati ya dirisha lile, nafasi ikiwa inchi chache tu juu ya kichwa na mabegani. Ukuta ule haukuwa wa karatasi. Ungekuwa mwepesi, upepo ungeupindisha, na ukipinda, dirisha lingemkosa na ukuta ungemuua. Ilibidi uwe mzito ili uanguke ulionyooka. Watu wa kikosi chake wengine waligeuza nyuso, hawakuweza kuangalia. Ilipigwa mara moja tu.

Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 1924, alikuwa akining'inia kwenye bomba la tangi la maji la reli, maji yakamshukia kwa nguvu yakamtupa chini, shingo ikagonga reli. Kichwa kilimuuma siku kadhaa, akaendelea na kazi. Baada ya miaka mingi daktari akaangalia picha ya eksirei na kumuuliza: wewe ulivunjika shingo lini?

Sisemi haya ili vijana mkaruke ghorofani. Tafadhali msiruke. Nasema ili mkimwona akianguka, mjue mnaona nini.

Na Harold Lloyd? Yule mwenye miwani, aliyening'inia kwenye mkono wa saa juu ya barabara ya Los Angeles katika filamu ya Safety Last! ya mwaka 1923. Picha yake ile mmeiona hata kama jina hamlijui. Ile haikuwa na hatari kubwa kama inavyoonekana: ukuta ulijengwa juu ya paa la jengo la kweli, kamera ikawekwa pembe ambayo paa halionekani, na chini kidogo palikuwa na jukwaa lenye magodoro. Lakini utazameni mkono wake wa kulia. Mwaka 1919 alikuwa akipigwa picha za matangazo, akapewa bomu la maigizo awashie sigara kwenye utambi wake. Lile bomu halikuwa la maigizo. Lilimlipukia mkononi, likamwondolea kidole gumba na cha shahada, na kwa muda hakuona. Basi kila mnapomwona juu ya ile saa, anashikilia kwa mkono wenye vidole vitatu, ndani ya glavu iliyotengenezwa kwa ustadi watu wasijue. Watu wengi hawakujua kweli.

Mwanachama mmoja aliniuliza juzi: je, Chaplin naye alivunjika nini? Chaplin aliwavunja wengine kwa kurudia. Filamu yake ya City Lights aliianza mwisho wa mwaka 1928 na ikaonyeshwa Januari 1931. Ndani yake kuna msichana kipofu anayeuza maua, na Chaplin ni mzururaji asiye na kitu. Hadithi yote inasimama kwenye jambo moja: msichana aamini kwamba huyu ni tajiri. Lakini haoni, na filamu haina maneno ya kusemwa, ina muziki tu. Ataaminije? Alipiga tukio lile dogo mara 342, akalifanyia kazi kwa miezi na miezi. Jibu alilolipata ndilo hili: mzururaji, akikwepa msongamano wa magari, anapita ndani ya gari la kifahari na kutokea upande wa pili, mlango wa gari unafungwa kwa kishindo, na msichana anageuka. Amesikia mlango wa gari la tajiri. Mtazamaji hakuusikia mlango kwa masikio, lakini ameusikia kupitia shingo ya msichana ilivyogeuka. Mliopo hapa mnaotengeneza filamu kwa simu, nendeni mkaitazame shingo ile.

Sasa naja kwenye sehemu ngumu. Naomba utulivu kidogo kule mlangoni.

Tunazo ngapi?

Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti mwaka 2013. Kati ya mwaka 1912 na 1929, Marekani ilitoa karibu filamu ndefu 11,000 za namna hii. Zilizobaki kamili kama zilivyotengenezwa ni asilimia 14. Nyingine chache zimebaki kama nakala hafifu au nakala za nchi za nje. Zaidi ya theluthi mbili hazipo kabisa. Hazipo Marekani, hazipo popote.

Zilikwenda wapi? Mikanda ile ilitengenezwa kwa nitreti, yaani pamba iliyochanganywa na tindikali, ndugu wa karibu wa baruti. Inatengeneza oksijeni yake yenyewe inapoungua, hata ukiitumbukiza majini haizimiki. Ikikaa kwenye joto inaoza, ikioza inaweza kujiwasha. Tarehe 9 Julai 1937, katika siku za joto kali, ghala la kampuni ya Fox lililoko Little Ferry, New Jersey, liliwaka usiku, na karibu filamu zote bubu za kampuni ile zikaondoka. Mwigizaji Theda Bara, aliyekuwa miongoni mwa nyota wakubwa wa wakati wake, alifanya filamu kama 40. Leo zinahesabika kwa vidole vya mikono miwili, na vinabaki. Cleopatra yake ya mwaka 1917 imebaki vipande. Na Lon Chaney, mtoto wetu wa Colorado Springs? Filamu yake ya London After Midnight ilikuwa na nakala moja iliyojulikana, nayo ikaungua katika ghala la kampuni ya MGM mwaka 1965.

Lakini moto peke yake haukufanya kazi yote. Wenye filamu walizitupa wenyewe. Sauti ilipokuja, waliona za zamani zinajaza maghala bure. Wengine waliziyeyusha wapate madini ya fedha yaliyomo kwenye mkanda. Uso wa mtu, kicheko cha mtu, uligeuzwa kuwa fedha ya kupima kwa mizani.

Niwape habari moja ya kufurahisha, maana naona nyuso zimeinama. Kaskazini kabisa mwa Kanada kuna mji unaitwa Dawson City, mji wa wachimba dhahabu. Filamu zilisafiri mji hadi mji, na Dawson ulikuwa mwisho wa njia. Zilifika pale zikiwa na umri wa miaka miwili, mitatu. Kampuni za Hollywood hazikutaka kulipa nauli ya kuzirudisha. Zikarundikana. Mwaka 1929 watu wa pale walikuwa na bwawa la kuogelea wanalotaka kulifukia ili barafu ya uwanja wa michezo ikae sawa. Wakachukua mikanda mamia kwa mamia, wakaijaza bwawani, wakafukia udongo.

Mwaka 1978 kijiko kikachimba pale kwa ajili ya jengo jipya. Kikaibuka na filamu. Mikanda 533! Ardhi ya kule haiyeyuki mwaka mzima, ikawa imeitunza kama friji. Nyingi hazikuwa na nakala nyingine duniani. Wasafirishaji wa kawaida waliogopa kuibeba, ndege ya jeshi la Kanada ikaipeleka Ottawa, na nyingine zikaenda Maktaba ya Bunge kule Washington. Maji yalikuwa yameingia pembeni mwa mikanda, na ukiitazama leo unaona kitu cheupe kinacheza ukingoni mwa picha, kama mawimbi. Watu wanacheza, wanaoana, wanapigana, na mawimbi yale kando yao.

Ya pili, fupi. Oscar Micheaux, Mmarekani mweusi, mtoto wa baba aliyezaliwa utumwani, alikuwa mkulima wa Dakota Kusini aliyeuza vitabu vyake mlango kwa mlango na kuwauzia wakulima wenzake hisa ili apate mtaji wa filamu yake ya kwanza. Hollywood haikumpa kiti, akafanya kazi nje yake. Filamu yake Within Our Gates ya mwaka 1920 ilionyesha waziwazi jinsi weusi walivyouawa na makundi ya wazungu. Ilipotea miongo mingi. Nakala moja ilikutwa Hispania, ikiwa na jina La Negra, karibu kadi zote kwa Kihispania. Iliporudishwa Marekani ilibidi maneno ya Micheaux yatafsiriwe kurudi kwenye Kiingereza chake mwenyewe. Ile ile kadi niliyowaambia mwanzoni, inayokatwa na kuunganishwa, ndiyo iliyomwokoa.

Kuna jambo la kwetu sitaki kulipita. Wanandoa wa Kansas, Martin na Osa Johnson, waliishi miaka ya 1920 kwenye Mlima Marsabit, kaskazini mwa Kenya, kando ya ziwa walilolipa jina Paradise, wakipiga picha za tembo na simba. Filamu yao Simba ilitoka mwaka 1928. Picha zile ni hazina, tembo wale na malisho yale hatuwezi kuyaona tena popote. Lakini maandishi ya filamu zao mara nyingi yaliwatania Waafrika waliobeba masanduku na kuwaonyesha njia. Nikiziona, nazitazama nyuso za wale wapagazi kuliko za simba. Ni babu za watu. Huenda ni babu wa mtu aliyeko Marsabit leo, na hajui kwamba uso wa babu yake unatembea.

Basi. Nimezungumza sana, na watoto wanataka filamu.

Tutakayoiona ni The General, ya Keaton, ya mwaka 1926. Niseme kabisa kwamba shujaa wake yuko upande wa Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, upande uliopigania utumwa, na filamu hailigusi jambo hilo. Mlijue mkiwa mnatazama. Kuelekea mwisho mtaona treni ikiingia kwenye daraja linaloungua. Ni treni ya kweli na daraja la kweli, juu ya mto Row, Oregon, tarehe 23 Julai 1926. Maelfu ya watu walikuja kuangalia. Tukio lile liligharimu dola 42,000, na halikuwa na marudio, maana treni ilikuwa hiyo hiyo. Chuma chake kililala mtoni hadi Vita Kuu ya Pili, kikaokotwa kuwa chakavu.

Treni ikishaanguka, msitazame moshi. Kamera itamrudia kamanda aliyeamuru treni ipite. Mtazameni usoni. Hasemi kitu.

Kijana wetu wa kinanda yuko tayari? Haya. Jamani, zimeni taa.